Meno ya Vipande Viwili

Siku Adelard alipomchana Bi Somoe mdomo, benchi la nje lilikuwa na wagonjwa tisa, na saa nne ya asubuhi ilikuwa haijagonga. Hilo la benchi ndilo alilolishika baadaye kila alipojaribu kujitetea mbele ya nafsi yake: watu walikuwa wengi, ilibidi aharakishe. Lakini benchi la zahanati ile ya meno pale Tandika lilikuwa hivyo kila siku ya Mungu, na lenyewe ndilo lililompa sifa. Watu walitoka Mbagala na Yombo kumfuata yeye, kwa sababu kwenye meno bandia mkono wake ulikuwa mwepesi. Leo anakupima, siku ya nne unacheka na watu.

Bi Somoe aliingia amejifunga ushungi hadi juu ya pua. Mumewe, fundi Nurdin, alimsindikiza mpaka mlangoni, akaaga kwamba anakwenda kupokea mbao na atarudi kumchukua. Adelard alimwamkia shikamoo, maana mama alikuwa amekwishavuka hamsini, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na kitambaa mdomoni. Alipoushusha ushungi, Gladness, muuguzi wa pale, aliinamia droo akajifanya anatafuta kitu.

Ulikuwa ni moto wa thina. Miaka mitatu nyuma dumu la thina ya kuchanganyia vanishi lilishika moto kwenye karakana ya Nurdin kule Keko, na Bi Somoe ndiyo kwanza alikuwa amefika na chakula cha mchana. Alipona, ila makovu yaliivuta ngozi kutoka mashavuni hadi kidevuni, pembe za mdomo zikakaza, ukabaki uwazi wa kupitisha vidole viwili, navyo kwa kubanana. Mswaki ukawa hauingii sawasawa. Meno ya juu yakaoza moja baada ya jingine, yakang'olewa yote. Ya chini yalibaki.

"Nataka ya juu tu, daktari," alisema. "Ya kusemea. Kula nishazoea, nalainisha."

Ya kusemea. Neno hilo lilimpita Adelard sikioni, naye hakuliuliza.

Na lipo jambo la kusema mapema, maana ndilo lililomtafuna kuliko yote. Adelard alikuwa anajua. Chuoni alifundishwa kwamba mdomo usiofunguka haushindiliwi chombo kizima. Ile trei ya kuchukulia vipimo hukatwa katikati. Unapima upande wa kulia, kisha wa kushoto, halafu vipande unaviunganisha nje ya mdomo. Hata meno yenyewe hutengenezwa vipande viwili, mgonjwa akavifungia humo ndani. Mwaka wa mwisho wa masomo aliwahi kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Lakini ni kazi ya kukaa na mtu mmoja wiki kwa wiki. Adelard alijua hayo yote, akatupa jicho mlangoni, akachukua trei ndogo, ile ya watoto.

Alikoroga unga wa vipimo na maji mpaka ukawa uji mzito, akaujaza kwenye trei, akaupenyeza ubavuubavu.

"Fungua, mama. Fungua zaidi."

Bi Somoe alifungua. Kovu la shavu la kushoto lilinyooka likawa jeupe. Trei iliingia, uji ukaanza kuganda, na ulipokwisha kuganda trei ikagoma kutoka. Bi Somoe alianza kupumua kwa nguvu puani, vidole vyake vimeng'ang'ania kiti. Mtu mwenye subira angeukatakata uji ule humo humo, akautoa vipande vipande. Adelard alivuta.

Pembe ya mdomo ilichanika. Damu ilishuka kidevuni ikaingia kwenye ushungi.

"Ndiyo maana nakwambia ufungue," alisema Adelard. "Wewe mwenyewe ndiyo unakaza."

Machozi yalimtoka Bi Somoe bila sauti, na Gladness alimkandamizia pamba huku hamtazami Adelard. Mchaniko haukuwa wa kushona. Adelard aliketi mezani akaandika barua ya rufaa, mistari miwili, akagonga muhuri, akamkabidhi, akamwambia apumzike chumba cha pembeni mpaka mumewe afike.

Alipotoka kwenye korido alimkuta Erasmus wa mapokezi, ambaye alitaka kujua kwa nini foleni imesimama.

"Mdomo wenyewe kama wa chupa ya soda," Adelard alimwambia, "halafu mtu anataka meno. Ya kulia nini? Labda ya kuringia."

Erasmus alicheka. Nyuma yake mlango wa chumba cha pembeni ulikuwa wazi nusu, na Bi Somoe alikuwa amekaa mle ndani ameshika pamba yake. Macho yao yalikutana. Mama yule aliinuka, akapandisha ushungi, akapita katikati yao taratibu kama mtu anayepita msibani.

"Ahsante, daktari," alisema.

Adelard aliamua kwamba hakusikia. Mtu anaweza kuamua jambo la namna hiyo na akaishi nalo muda mrefu. Yeye aliishi nalo miezi minne.

Aliyemtoa humo ni Gladness. Siku moja wakati wa chakula, huku akipekua samaki wake miiba, alisema kwamba hapendi kuingilia mambo ya watu, lakini kuna jambo limemkaa rohoni.

"Yule mama wa Keko, dokta. Mwenye makovu. Kumbe mie naishi mtaa wa pili tu na kwake. Jirani yangu watoto wake walikuwaga wanasoma madrasa kwake."

"Walikuwaga? Sasa hivi hawasomi?"

"Kafunga. Jirani anasema kuna herufi zao, ulimi lazima uguse meno ya juu ndiyo zitoke. Sasa yeye hana meno, inatoka pumzi tu. Watoto wakawa wanasoma hivyo hivyo kama anavyosoma yeye, wakidhani ndivyo. Siku alipowasikia vizuri, wote kwa pamoja, akawaambia waende nyumbani, akafunga mlango. Miaka ishirini anafundisha."

Adelard aliweka kijiko chini. "Nilimpa rufaa. Hakwenda?"

"Kaenda sehemu mbili. Kote wanasoma barua yako, wanamrudishia."

Gladness alimaliza samaki wake, akaosha sahani, akarudi kazini. Adelard alibaki peke yake na wali umepoa. Alijikuta anatamka polepole kama mtoto wa chekechea: thelathini, dhamana, fundi. Ulimi ulikwenda wenyewe ukagusa meno, mdomo wa chini ukagusa meno. Miaka arobaini na moja alikuwa anafanya hivyo bila kujua kwamba anafanya. Ya kusemea, mama alimwambia. Na yeye alitoka nje akasema ya kuringia.

Jumamosi alasiri alikwenda Keko. Karakana ya Nurdin ilikuwa kandokando ya barabara, vitanda vimepangwa nje na kabati moja kubwa linasubiri vanishi. Nurdin alimtambua. Alizima randa ya umeme, akajipangusa vumbi, akatoa mkono, na mkono ule nao ulikuwa na kovu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Karibu sana, daktari. Heshima gani hii?"

"Nimekuja kufuatilia maendeleo ya mgonjwa," alisema Adelard.

Alijisikia alivyosema. Ulikuwa uongo wa kiofisi, uliopigwa pasi vizuri, na Nurdin aliupokea kama zawadi. Alimshukuru mara mbili. Akampeleka uani ilipo nyumba yao, akamtandikia kitambaa kwenye kiti, akaita ndani kwamba wamepata mgeni. Kila alivyozidi kumkirimu, ndivyo Adelard alivyozidi kukosa pa kuweka macho.

Bi Somoe alitoka na ushungi wake umefunika mdomo. Alimkaribisha, akamimina chai ya tangawizi, akaketi. Adelard alipofungua kinywa, mama alimtangulia.

"Kabla hujasema la kwako, daktari, nina ombi. Ile barua mie naitembeza tu. Mwandiko wenu siuwezi. Nisomee."

Aliitoa chini ya kitambaa cha meza. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kukatika. Adelard aliipokea. Nurdin alikuwa amekaa pembeni na kikombe mkononi, anasubiri, uso wake una matumaini kidogo, kama vile barua iliyosomwa na mwenyewe aliyeiandika huenda ikasema jambo jingine.

"Inasema..." Adelard alikohoa. "Inasema mgonjwa ana makovu ya moto, na kwa sababu hiyo..."

"Endelea," alisema Bi Somoe.

Alimtazama. Macho ya mama yule hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi akikosea aya na kumwacha afike mwisho. Hapo Adelard alielewa kwamba mama alikwishasomewa barua ile, huenda zaidi ya mara moja, na anajua kila neno.

"Sivyo inavyosema," alisema. "Inasema hivi. Mgonjwa hatoi ushirikiano. Meno bandia hayawezekani."

Nurdin ndiye aliyeuliza, tena aliuliza kwa dhati, kama mtu asiyeelewa msamiati.

"Hatoi ushirikiano ndiyo nini?"

"Ni kusema kwamba alikataa kutibiwa."

"Na alikataa?"

"Hapana, mzee wangu. Alifungua mdomo mpaka mwisho wake. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Nikamuumiza, kisha nikaandika kwamba kosa ni lake. Na si hilo tu. Siku ile pale kwenye korido nilisema maneno..."

"Niliyasikia," alisema Bi Somoe. "Usiyarudie hapa."

Aliligeuza jicho upande wa mumewe mara moja tu, akalirudisha. Adelard akaelewa: Nurdin hajaambiwa. Mama alitoka zahanati siku ile na tusi lile, akatembea nalo hadi nyumbani, akalificha miezi yote hiyo, kwa sababu dumu la thina lilikuwa la Nurdin, na kila lililoupata mdomo ule Nurdin angelichukua mwenyewe na kulibeba. Adelard alikuja Keko akidhani atautua mzigo wake wote. Sasa aliambiwa abaki na nusu yake.

"Umekuja kuomba radhi, au umekuja na dawa?" aliuliza Bi Somoe.

"Vyote viwili, mama."

"Radhi nimeisikia. Dawa ni ipi?"

Akamweleza: trei ya kukata, vipimo vya nusu nusu, meno ya vipande viwili. Alieleza vizuri, kwa mikono, na kwa muda mfupi alijisahau akawa yule fundi anayeipenda kazi yake. Bi Somoe alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Njia hii umeijua lini?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, mpana na wazi. Angeweza kusema jana, au kwamba amesoma juzi. Adelard alitazama chai yake.

"Nilikuwa naijua siku ile."

Nurdin alinyanyuka, akasogea ukutani, akasimama akiwapa mgongo. Bi Somoe alimtazama mumewe mpaka chai ikafanya utando.

"Nitakuja," alisema mwishowe. "Lakini yule binti muuguzi awe chumbani mwanzo hadi mwisho. Mie na wewe peke yetu, hapana."

Adelard akampa alasiri za Alhamisi, zote. Erasmus alilalamika kuhusu benchi, na Adelard alimwambia benchi litasubiri. Wiki tano za mwanzo hakugusa trei. Alimpa mazoezi ya kupanua mdomo kwa vijiti vyembamba: leo unabana vinane katikati ya meno na ufizi, ukizoea unaongeza kimoja. Nurdin alivitengeneza mwenyewe, akavipiga msasa hadi vikawa laini kama ukucha. Kila Alhamisi Bi Somoe alikuja navyo kwenye kikopo, akavihesabu mbele ya Gladness. Wiki ya tano mdomo ulikuwa umeongezeka kiasi cha unene wa punje ya hindi. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa chake.

Siku ya vipimo Adelard aliikata trei kwa msumeno mwembamba, akailainisha kingo, akaitia vipini viwili vya kuunganishia. Kabla ya kuanza alisema, "Ukiinua mkono nasimama. Hata kama sijamaliza." Bi Somoe aliinua mkono mara tatu, na mara tatu Adelard akasimama. Mara ya tatu Adelard alibaini kwamba haikuwa maumivu. Mama alikuwa anajaribu tu kuona kama atasimama kweli. Adelard alistahili kujaribiwa.

Meno ya kwanza hayakufaa. Vipande vilifungana vizuri juu ya mfano wa ufizi uliofinyangwa kwa plasta mezani, lakini mdomoni, Bi Somoe alipong'ata, kufuli liliachia na nusu ya kushoto ikadondoka mapajani. Adelard aliiokota. Nurdin, aliyekuwa ameruhusiwa kukaa kwenye kona, aliomba avione. Alivigeuzageuza karibu na dirisha.

"Ulimi wako mfupi, daktari," alisema.

"Samahani?"

"Hapa panapoungana. Ubao mmoja una ulimi, mwingine una mfereji, sivyo? Huu ulimi umeingia kidogo tu. Kabati la hivi mie nisingempa mteja."

Adelard alivichukua akarudia kazi tangu mwanzo. Ilimchukua wiki mbili nyingine.

Bi Somoe alivaa mwenyewe mbele ya kioo, kwa maana bila kuweza kuvaa na kuvua mwenyewe kazi yote ingekuwa bure. Kipande cha kulia kwanza. Kisha cha kushoto akakiteleza kwenye mfereji, akabana kwa kidole gumba, kukasikika mlio mdogo. Mdomo wa juu, uliokuwa umezama, ulinyanyuka ukakaa mahali pake. Makovu yalikuwa pale pale. Alijitazama bila kupepesa, kisha akamwomba Adelard atoke.

Alitoka akakaa kwenye benchi karibu na Nurdin, na ndani wakaanza kusikia sauti yake akijaribu herufi za Kiarabu moja moja. The. Ilitoka na mbinja. The. Mbinja tena. Dhali. Akanyamaza, wakasikia Gladness anamuuliza kama anataka maji. Fe, hiyo ilitoka mara moja. Kisha akarudi kwenye the, akairudia kwa utulivu, kama anavyorudiwa mtoto mgumu wa kushika, hadi mara ya kumi na ngapi sijui ikatoka safi, laini, ncha ya ulimi ikisikika kabisa inavyogusa meno. Nurdin aliinamisha kichwa akawa anaitazama mikono yake.

"Daktari," alisema bila kumgeukia. "Siku ile uani kuna neno ulitaka kusema, akakukataza."

Adelard aliukazia macho mlango wa chumba.

"Mke wangu akinificha kitu, ni kwamba kitaniuma. Basi sitakuuliza. Ila ujue kwamba mie najua lipo."

"Sawa, mzee wangu."

Hilo lilikuwa zito kuliko kama angempiga.

Madrasa ilifunguliwa tena baada ya mwezi mmoja. Gladness ndiye aliyeleta habari kwamba siku ya kwanza meno yalipiga mbinja kwenye herufi ya sini, watoto wakacheka, na mwalimu akacheka nao huku kaziba mdomo kwa ushungi. Alirudi Tandika mara mbili kurekebishiwa meno yaliyokuwa yanamchubua ufizi. Alimwita Adelard daktari, aliitikia shikamoo yake, alimuuliza hali ya nyumbani. Zaidi ya hapo hakumpa, na Adelard hakuomba.

Kisha asubuhi moja akaingia mzee mrefu kutoka Kinyerezi, mwalimu mstaafu aitwaye Kornelio. Alikuwa ametibiwa saratani ya koo kwa mionzi, na tangu hapo taya zilikuwa zimekaza, hata uji alinywa kwa mrija. Alizungumza kwa taabu, meno machache ya mbele aliyobaki nayo yamekaribiana.

"Nataka meno bandia, nimeelekezwa na Bi Somoe wa Keko," alisema. "Wajukuu wa jirani yangu wanasoma kwake. Kaniambia niulizie tabibu mwenye subira."

Adelard alihisi uso wake unapata moto hadi masikioni. Alimtazama Gladness, naye Gladness akayatazama makabrasha. Alitaka kumwambia mzee yule kwamba amekosea, kwamba hajui ametumwa kwa mtu wa namna gani. Lakini mama alijua. Alijua kuliko mtu mwingine yeyote, na bado alimtuma. Kama ile ilikuwa sifa, au amri, au deni aliloliacha makusudi bila kulifuta, Adelard hakuweza kujua, na aliona kwamba hana haki ya kuuliza.

"Nje kuna wangapi?" alimuuliza Gladness.

"Kumi na mmoja."

"Waambie tutachelewa. Asiyeweza kusubiri aje kesho."

Akanawa mikono, akavuta kigoda akakaa chini kidogo ya uso wa mzee, ili mzee asilazimike kuinua shingo.

"Mwalimu," alisema, "kabla ya yote niambie. Hayo meno unayataka ya kufanyia nini?"